Kutunza grini ya gofu: mwongozo kamili kuanzia mchangani hadi kwenye shimo

Pandanisha sarafu mbili, moja juu ya nyingine. Kimo hicho, milimita 3 hivi, ndicho urefu wa nyasi za grini nyingi, yaani ile sehemu laini iliyonyolewa inayozunguka shimo la gofu. Wakati mwingine hushushwa hadi 2.5, wakati mwingine huachwa zifike 4. Jani ndilo jiko la mmea, chakula chote hupikwa humo kwa mwanga wa jua, nawe kila asubuhi unakuja na mashine kulibomoa jiko lenyewe. Halafu wachezaji wanakanyaga, mipira inaanguka toka angani na kutoboa, na wote wanataka pawe laini kama kioo.

Nyasi za namna hiyo hazina akiba. Makosa ambayo bustani ya nyumbani ingeyasamehe kwa wiki nzima, grini huyaonyesha kufikia saa nane mchana. Na kwa miaka niliyofanya kazi hii, grini nyingi nilizoona zikifa ziliuawa kwa kupewa kupita kiasi: maji mengi, mbolea nyingi, kukatwa chini mno kwa sababu kuna mashindano Jumamosi. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni hesabu ya kutoa kidogo, kwa wakati wake.

Anza chini ya nyasi

Kabla ya kugusa mashine yoyote, chukua kikatio cha shimo au jembe dogo, ukate kipande cha grini chenye kina cha sentimita 20, ukilaze juu ya kitambaa na kukisoma. Grini huanza kuumwa chini, rangi ya juu hufuata baadaye.

Tazama mizizi kwanza. Ikishuka sentimita 10 au zaidi, ikiwa myeupe na mingi, una pa kuanzia. Ikiishia sentimita 3, maji na mbolea unayomwaga vinapita tu. Kisha angalia tabaka la kahawia lililo kati ya nyasi na udongo, mchanganyiko wa mashina, vikonyo na mizizi mikuukuu ambayo haijaoza. Hilo nitaliita zulia. Zulia jembamba linasaidia kwa kuwa linapokea kishindo cha mpira. Likinenepa linanyonya maji kama sifongo na mizizi inaishi humo humo bila kushuka. Mwisho, nusa. Harufu ya yai bovu, pamoja na mstari mweusi katikati ya mchanga, ni dalili kwamba hewa haipiti.

Ujenzi wa grini hueleza mengi. Mwaka 1960 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilitoa mapendekezo yake ya kwanza ya kujenga grini, na hadi leo mfumo huo umeenea: mabomba ya kutoa maji chini kabisa, yakiwa yameachana kwa mita zisizozidi 5, juu yake kokoto sentimita 10, kisha mchanganyiko wa mchanga sentimita 30. Mtu angedhani kokoto zinavuta maji yashuke haraka. Sivyo. Mchanga wenye matundu madogo hushikilia maji mahali unapokutana na kokoto zenye matundu makubwa, mpaka uzito wa maji uzidi nguvu ya kuyashika, ndipo yanaporomoka. Sifongo lililolowa juu ya waya hufanya vivyo hivyo: huacha kudondosha likiwa bado lina maji. Kwa hiyo grini ya namna hii huweka akiba chini, na mvua kubwa ikija hujimwaga. Grini za zamani zilizoinuliwa kwa udongo wa papo hapo hazina mfumo huo. Zinahitaji maji machache zaidi kwa mara moja, mashimo mengi zaidi ya hewa, na subira.

Ukiwa hapo hapo inua macho utazame miti. Grini inayokosa jua la asubuhi hubaki na umande hadi saa nne au tano, na kuvu hupenda hilo. Kuna wanaomwaga dawa miaka kumi wakati tatizo ni matawi matatu upande wa mashariki.

Jua nyasi ulizonazo

Nyasi za maeneo ya baridi, hasa zile za jamii ya Agrostis, hukua vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi. Joto likipanda juu ya hapo mizizi hufupika. Aina ya Penncross, iliyotolewa mwaka 1955, ilitawala grini za dunia kwa miongo. Nyasi za maeneo ya joto, yaani bermuda chotara kama Tifdwarf na TifEagle, hupenda nyuzi 27 hadi 35, huchukia kivuli, na hutengeneza zulia haraka ajabu. Paspalamu ya pwani huvumilia maji ya chumvi kuliko zote hizi. Na popote penye baridi kuna mgeni asiyealikwa, Poa annua, ambaye hutoa mbegu hata akikatwa kwenye milimita 3. Wengi wamemaliza vita naye kwa kumkubali.

Tofauti hii si ya kupamba maandishi. Ratiba ya kutoboa mashimo ya hewa, mbolea na maji hufuata majira ambayo nyasi zako zinakua kwa nguvu. Ukiitoboa bermuda ikiwa imelala, au Agrostis kwenye kilele cha joto, mashimo yatakutazama kwa miezi.

Kukata

Grini hukatwa kwa mashine ya silinda. Visu vinavyozunguka vinakutana na kisu cha chini kisichosogea, na jani linakatwa kama kwa mkasi. Mashine ya kupapasa kwa upanga mmoja, ile ya uani, haina nafasi hapa. Kwa grini nzuri tumia ya kusukuma kwa kutembea, yenye upana wa sentimita 55 hivi. Zile kubwa za kupanda huokoa muda lakini hukandamiza kingo.

Kila asubuhi, kabla mashine haijatoka bandani, fanya mambo mawili. Chukua ukanda wa karatasi nyembamba, uingize kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha kwa mkono huku vidole viko mbali: karatasi ikatike safi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikikunjika au kuchanika sehemu moja, jani nalo litachanwa, ncha zitakuwa nyeupe kufikia mchana na kuvu itaingia kwenye majeraha. Pili, weka upau wa kupimia kati ya rola ya mbele na ya nyuma, usome urefu kulia, katikati na kushoto. Tofauti ya robo milimita upande mmoja utaiona kama mistari kwenye grini nzima.

Urefu unaoupima bandani si lazima uwe ndio urefu utakaopatikana uwanjani. Rola za mashine zikizama kwenye zulia laini, visu vinashuka nazo, na mashine mbili zilizopimwa sawa kwenye milimita 3 zitakata tofauti kwenye grini mbili. Niliwahi kunyoa bega la grini moja hadi udongo kwa sababu nilikiamini kipimo cha bandani siku moja baada ya mvua. Ilichukua wiki tano kurudi, na kila aliyepita aliniuliza kulikoni.

Sasa kata. Tembea kwanza juu ya grini yote, uokote mawe, matawi na vijiti vya mpira, uzibe makovu ya mipira. Ondoa bendera. Chagua mwelekeo kwa kufikiria uso wa saa: leo kutoka 12 kwenda 6, kesho 9 kwenda 3, kesho kutwa kwa mshazari. Ukirudia mwelekeo mmoja, majani yanalala upande huo na mpira unayafuata. Anza katikati kwa mstari ulionyooka, ukitazama alama ya mbali na si gurudumu. Kila mstari upande juu ya uliotangulia kwa sentimita 5 hivi. Geuza nje ya grini, kwa upinde mpana, kamwe usizungushe mashine juu ya ukingo wenyewe. Mwaga majani yaliyokatwa mbali, yasambae, yasirundikane.

Mzunguko wa mwisho wa kufuata ukingo ndio unaoua nyasi nyingi kimya kimya, maana magurudumu hupita njia ile ile kila siku. Uruke siku moja moja, au siku nyingine usogee ndani kidogo. Hakuna mchezaji atakayegundua, ila nyasi zitagundua.

Mvua zikizuia kukata kwa siku mbili tatu, usirudi kwenye milimita 3 kwa pigo moja. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Shuka kwa hatua. Na joto kali likija, pandisha. Kutoka milimita 3.0 kwenda 3.5 kunaonekana si kitu, lakini jani limerefuka kwa karibu asilimia 17, na mmea uliokuwa ukiishi kwa kubahatisha unapata pumzi. Kasi ya mpira utakayoipoteza unaweza kuirudisha kwa kupitisha rola juu ya grini.

Maji: mkono kuliko mitambo

Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Grini ya mita za mraba 500 ikinyweshwa milimita 4 imekunywa lita 2,000. Fanya hesabu hiyo kwanza, kisha panga vyombo vidogo juu ya grini, washa vinyunyizio kwa dakika kumi na upime kila chombo. Mara nyingi utakuta pembe moja imepata mara mbili ya nyingine. Hapo ndipo utaelewa kwa nini upande mmoja una kuvu na mwingine umekauka.

Nyunyiza alfajiri. Maji ya jioni yanaiacha nyasi ikiwa imelowa usiku kucha. Acha uso ukauke kati ya unyweshaji mmoja na mwingine, maana mizizi hushuka kufuata unyevu na haina sababu ya kushuka kama kinywaji kiko mlangoni kila siku. Kifaa cha kupima unyevu chenye pini za sentimita 7 hivi kinasaidia sana, lakini usichukue namba ya uwanja mwingine. Tafuta namba ya kwako: pima mahali nyasi zinapoanza kunyauka, andika, na hiyo ndiyo sakafu yako.

Kunyauka kunajitangaza. Nyasi hugeuka rangi ya kijani inayoelekea buluu na kijivu, kisha alama za nyayo zinabaki nyuma yako badala ya kuinuka. Ukiona nyayo zako mwenyewe, chukua bomba la mkono ukanyweshe pale palipokauka tu. Kuwasha mitambo yote kwa ajili ya madoa matatu ni kuizamisha grini kwa sababu ya kiu ya mita chache. Mchana wa joto, unyunyizaji mwepesi sana wa kulowesha majani huyapoza, maji yakikauka yanaondoka na joto. Hiyo ni huduma ya kwanza, si kunywesha.

Kuna madoa yanayokauka hata baada ya mvua. Kata kipande hapo, kilaze, udondoshee matone ya maji kila sentimita 2 kutoka juu kwenda chini. Tone likikaa kama ushanga kwa zaidi ya sekunde tano, chembe za mchanga zimepakwa nta itokanayo na masalia ya mimea na sasa zinakataa maji. Kumwaga zaidi hakusaidii, maji yatateleza pembeni. Toboa vishimo vidogo, weka dawa ya kulainisha mchanga ili upokee maji, kisha nywesha taratibu kwa mafungu.

Mbolea kwa kijiko

Grini hulishwa kama mtoto mchanga: kidogo, mara kwa mara. Kiwango cha kawaida ni nusu gramu hadi gramu moja ya naitrojeni kwa mita ya mraba, kila baada ya siku 7 hadi 14 katika majira ya kukua. Mfano: nusu gramu kwenye grini ya mita 500 ni gramu 250 za naitrojeni. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo unahitaji gramu 543, zaidi kidogo ya nusu kilo, iyeyushwe kwenye lita 20 hadi 40 za maji na kunyunyizwa sawasawa. Mtu asiyeijua kazi akiona nusu kilo ya mbolea kwa grini nzima hucheka. Mwache acheke.

Ukizidisha, majani yanakimbia, mizizi inabaki nyuma, zulia linanenepa na mpira unapunguza mwendo. Ukipunguza mno, nyasi hazina nguvu ya kuziba makovu na magonjwa ya njaa yanaingia. Njia rahisi ya kujua uko wapi ni ndoo. Pima kila siku ujazo wa majani yanayotoka kwenye kila grini, uandike. Ndoo ikijaa kuliko kawaida, ruka mbolea ya wiki hiyo. Ikibaki karibu tupu na makovu hayafungi, ongeza. Rangi peke yake haitoshi kukuamulia: chuma kidogo kwenye mnyunyizo huleta kijani bila kuleta ukuaji. Potasiamu, fosforasi na kiwango cha asidi amua kwa kipimo cha udongo, angalau mara moja kwa mwaka.

Viwanja vingi pia hutumia dawa ya kuzuia nyasi zisirefuke, inayojulikana kwa kiambato chake, trineksapaki-ethili. Wengi huirudia kwa kalenda, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa nyasi huivunja haraka zaidi kukiwa na joto. Kwa Agrostis hesabu inayotumika ni kujumlisha wastani wa joto wa kila siku katika Selsiasi hadi jumla ifike 200, ndipo unyunyize tena. Wastani ukiwa nyuzi 20 hiyo ni siku 10, ukiwa 25 ni siku 8. Ukichelewa, nyasi hurudi kwa kishindo na kukua kuliko kama hukuweka chochote.

Mchanga na mashimo: kazi ambayo hakuna anayeipenda

Inasimuliwa kwamba Old Tom Morris, mtunza uwanja wa Scotland katika karne ya 19, alimwaga toroli la mchanga juu ya grini kwa bahati mbaya, kisha akashangaa kuona mahali pale nyasi zimestawi kuliko kwingine. Iwe kweli au hekaya, mchanga ndio dawa kuu hadi leo. Unapunguza ukali wa zulia kwa kulichanganya, unasawazisha uso, na unaacha nafasi za hewa.

Mchanga mwepesi wa kila wiki moja au mbili: nusu milimita. Kwa mita 500 ni robo ya mita ya ujazo, kama kilo 400. Uwe mkavu, na nyasi ziwe kavu pia. Tawanya, pitisha brashi laini au zulia kuukuu hadi mchanga upotelee kati ya majani, kisha nyunyiza maji kidogo. Ukiona bado uso ni mweupe baada ya brashi umeweka mwingi mno.

Usibadilishe aina ya mchanga. Sehemu kubwa ya chembe ziwe kati ya robo milimita na milimita moja, zifanane na zile zilizoijenga grini. Mtu akikuletea mchanga wa bei poa ulio mwembamba zaidi, mwaka mmoja tu utatengeneza tabaka ambalo utaliona kwenye kila kipande utakachokata miaka ishirini baadaye, na maji yatasimama hapo.

Mchanga wa juu pekee hautoshi. Mara moja au mbili kwa mwaka grini itobolewe kwa meno yenye uwazi, yanayong'oa vipande vya udongo na zulia na kuvitoa juu. Fanya hesabu kabla, wengi wanaruka hapa. Meno ya milimita 12 yakiachana sentimita 5 kila upande hutoboa mashimo 400 kwa mita ya mraba, na hayo yanagusa asilimia 4.5 tu ya uso. Meno ya milimita 16 kwa nafasi hiyo hiyo hugusa asilimia 8. Ikiwa zulia lako ni nene na unalenga kugusa asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka, pito moja la meno madogo ni kuwasumbua wachezaji bure.

Mchanga wa kujaza nao uhesabiwe. Mashimo yale 400 ya milimita 12, yakiwa na kina cha sentimita 7.5, yanameza lita 3.4 kwa mita ya mraba. Grini ya mita 500 inataka mita za ujazo 1.7, karibu tani 2.7, na hapo hujahesabu unaobaki juu. Kama mchanga haujafika bandani, usitoboe. Mashimo yaliyoachwa nusu tupu hubomoka kingo na kuacha uso wa vipele.

Siku yenyewe huenda hivi. Wiki moja kabla lisha nyasi, ziwe na nguvu ya kufunga. Chagua siku kavu isiyo na upepo mkali. Toboa, sukuma vipande vya udongo kwa koleo pana hadi nje ya grini, pulizia vilivyobaki. Tandaza mchanga, uache ukauke juani kwa saa moja au mbili, kisha brashi kwa kuzunguka, kisha kwa kukata njia, hadi kila shimo lijae hadi mdomoni. Pitisha rola, nywesha. Siku chache zinazofuata pandisha urefu wa kukata, na tumia silinda kuukuu, maana mchanga utanoa visu vyako vipya kinyume. Hali ikiwa nzuri mashimo hufunga baada ya wiki 2 hadi 3.

Wachezaji watanung'unika. Tangaza tarehe mapema, uiandike ubaoni, na usiisogeze kwa sababu ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Rola na kasi

Mwaka 1935 mchezaji wa ridhaa Edward Stimpson alitazama mashindano ya U.S. Open huko Oakmont, akaona grini zina kasi isiyo ya haki, akatengeneza kifaa cha kuthibitisha. Kifaa hicho, stimpmita, kilisanifiwa upya na USGA mwaka 1976 na kufika mikononi mwa watunza viwanja mwaka 1978. Ni upau wa alumini wenye mfereji, urefu wa sentimita 91, na kitundu ambamo mpira hukaa hadi upau uinuliwe nyuzi 20 hivi.

Tafuta sehemu tambarare. Achilia mipira mitatu kutoka mahali pamoja. Kama haikutua ndani ya sentimita 20 kati yao, rudia. Pima wastani, kisha achilia mitatu mingine kuelekea ulikotoka. Wastani wa safari zote mbili, kwa futi, ndiyo kasi. Kwa mchezo wa kila siku futi 8 hadi 10 zinatosha sana. Juu ya 11 ni kwa mashindano, na sehemu zenye mteremko unaozidi asilimia 3 hazitafaa tena kuwekwa shimo. Thamani kubwa ya kifaa hiki ni kukuonyesha kama grini namba 4 inafanana na namba 5, jambo linalomsumbua mchezaji kuliko kasi yenyewe. Mkubwa wako akianza kukitumia kushindana na uwanja jirani, kifiche.

Rola nyepesi ndiyo njia ya kupata kasi bila kushusha visu. Unaweza kukata leo na kesho ukapitisha rola pekee, nyasi zikapumzika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State ulionyesha pia kwamba grini zinazopitishiwa rola mara kwa mara huwa na madoa machache ya ugonjwa wa sarafu, ambao nitaugusa chini. Sharti moja: usipitishe rola grini ikiwa imelowa chapachapa.

Kuhamisha shimo

Kipenyo cha shimo ni milimita 108 duniani kote, na kina kisipungue milimita 101.6. Kipimo hicho kilikuwa sheria mwaka 1891. Chombo cha zamani cha kukatia mashimo, kilichotumika uwanja wa Musselburgh huko Scotland, kilitengenezwa mwaka 1829. Uwanja wenye wachezaji wengi uhamishe shimo kila siku.

1. Chagua mahali ambapo eneo la mita moja kuzunguka shimo halina mteremko mkali wala kovu. Kaa hatua nne au zaidi kutoka ukingoni, na mita 3 hivi kutoka shimo la jana.
2. Simamisha kikatio wima kabisa. Zungusha huku ukikandamiza, bila kuyumba, maana shimo lililoinama hutema mipira.
3. Toa kipande cha kwanza chenye nyasi, kiweke kando. Toa cha pili cha udongo hadi kina kitimie.
4. Weka kikombe, ukizamishe angalau milimita 25.4 chini ya uso. Kata kwa mkasi nyasi zilizoning'inia mdomoni.
5. Nenda shimo la zamani, toa kikombe, weka kipande cha udongo kwanza, kisha chenye nyasi. Kikisimama juu, punguza udongo, kikizama, ongeza. Kilichosimama juu kitanyolewa kesho asubuhi.
6. Sawazisha kwa ubao, si kwa kisigino, kisha mwaga maji. Kiangalie tena mchana, vipande hivi hukauka kabla ya grini nzima.

Makovu ya mipira yanastahili aya moja kwa sababu wengi huyaziba vibaya. Uma huingia pembeni mwa kovu na kusukuma kingo kuelekea katikati, pande zote, kisha unagonga taratibu. Anayeingiza uma chini na kuinua anakata mizizi, na doa la kahawia litabaki hapo kwa wiki kadhaa.

Magonjwa

Asubuhi kabla umande haujaondoka ndiyo saa ya kuyaona. Madoa meupe ya ukubwa wa sarafu yenye utando kama wa buibui ni ugonjwa wa sarafu: unahusiana na umande mrefu na njaa ya naitrojeni. Ondoa umande mapema, lisha kidogo, mara nyingi unarudi nyuma. Mabaka yanayoteleza kama yamepakwa mafuta, yanayofuata njia ya maji, baada ya usiku wa joto na unyevu, ni Pythium. Huyo hasubiri. Simamisha kukata hadi pakauke, kwa kuwa mashine itambeba hadi grini ya jirani, na tafuta dawa siku hiyo hiyo. Pete za kijani kibichi, au za nyasi zilizokufa, ni kuvu ya uyoga iliyo chini. Toboa, lainisha mchanga, nywesha.

Dawa za kuvu zibadilishwe kwa kundi la utendaji wake. Majina mawili tofauti kwenye makopo yanaweza kuwa kundi moja, na kuvu iliyozoea moja imezoea na la pili. Soma kibandiko, vaa kinga, na acha kipande kimoja cha ubao juu ya grini unaponyunyiza: chini yake utaona siku chache baadaye kama dawa ilifanya kazi au hali ya hewa ndiyo iliyobadilika.

Kitalu

Siku moja bomba la mafuta la mashine litapasuka na kuacha mstari wa mafuta moto katikati ya grini. Sabuni na maji havitaokoa kitu, nyasi zilizoungua zimeungua. Kinachokuokoa ni kitalu: grini ndogo kando ya banda, mchanga ule ule, nyasi zile zile, ikikatwa na kulishwa kama grini nyingine zote. Toa kwa kikatio cha shimo vipande vilivyoungua, kimoja baada ya kingine kufuata mstari, na uweke mahali pake vipande vya kitalu vyenye kina kile kile. Bonyeza kwa ubao, nywesha kwa mkono mara mbili tatu kwa siku katika wiki ya kwanza, na usipitishe mashine nzito juu yake hadi ukivuta majani kwa vidole uhisi mizizi inavuta kurudi.